Prosesa ya bei nafuu ya kuongezwa kasi, na namna ya kuipoza katika joto la Dar es Salaam

mkazi_wa_temeke

Salaam wakuu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu nikikosea sina nyingine ya kurekebishia kosa.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Kompyuta ninayotumia ni HP EliteDesk 800 G1 ya mtumba, ile ya umbo dogo jembamba, yenye prosesa ya Core i5-4570, RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti fupi niliyoiongeza mwenyewe. Kuhariri kwenyewe kunakwenda. Shida huanza ninapofika hatua ya kubana video kwa programu ya HandBrake, kwa mfumo wa x265 ambao wateja wanaupenda kwa kuwa faili huingia kwenye simu bila kuijaza. Harusi ya saa mbili na nusu hula usiku wote, takribani saa tisa, na umeme ukikatika alfajiri naanza upya.

Nimeona Core i5-4670K kwa muuzaji mmoja Kariakoo, na nimesoma kwamba prosesa zenye herufi K huweza kuongezwa kasi kupita ile iliyopangwa kiwandani. Je, nikiichomeka kwenye HP yangu itakubali? Kama haiwezekani, ni prosesa gani ya bei nafuu inayofaa kwa ovakloki, yaani huko kuongezwa kasi, nikiwa na shilingi 600,000 kwa kila kitu isipokuwa kadi ya grafiki na diski, ambazo nitazihamisha? Tena chumba changu kina bati bila dari. Jana saa nne usiku kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi joto 31. Rafiki yangu ananiambia niweke vipande vya barafu mbele ya feni ya kompyuta. Naomba mnisaidie kwa kina, kwani jambo hili linahusu riziki yangu.

fundi_njiro

Ndugu yangu, usiinunue hiyo 4670K, na nitakueleza sababu ili usije ukashawishiwa tena na muuzaji mwingine.

Herufi K inamaanisha kwamba kizidishio cha prosesa, yaani namba inayopanga kasi yake, hakijafungwa, lakini ufunguo wa pili uko kwenye ubao mama. Kwa kizazi chako cha Haswell, kilichotoka mwaka 2013, Intel iliruhusu rasmi kuongeza kasi kwenye bodi zenye chipseti (chipu inayosimamia ubao mama) ya Z87, na baadaye Z97. HP yako ina Q87, ambayo ni chipseti ya kompyuta za ofisini, na BIOS yake, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi, haina ukurasa wowote wa kubadilisha kizidishio wala volti. Ukiichomeka 4670K itawaka, itakwenda kwa gigahezi 3.4 badala ya 3.2 uliyonayo, na hapo ndipo mwisho wake. Hata kama BIOS ingekubali, pawa saplai ya sanduku hilo jembamba ni ndogo na plagi zake si zile za kawaida, na juu ya prosesa hakuna nafasi ya kipoza kirefu.

Kuna sababu nyingine inayokuhusu wewe hasa unayeishi kwenye joto. Katika Haswell, Intel iliingiza kirekebisha volti ndani ya prosesa yenyewe, halafu kati ya chipu na kifuniko chake cha chuma ikaweka pesti ya kupitisha joto badala ya kuviunganisha kwa kulehemu kama ilivyofanya kwenye Core i5-2500K ya mwaka 2011. Matokeo yake joto linazalishwa ndani na njia yake ya kutokea ni nyembamba. Unaweza kununua kipoza kikubwa kiasi gani, lakini joto litabaki limekwama chini ya kifuniko, na ndiyo maana watu wa wakati ule walikuwa wakizifungua kwa wembe, jambo ambalo sikushauri hata kidogo.

Ninachokipendekeza ni AMD Ryzen 5 2600. Ilitoka Aprili 2018, ina viini 6 vinavyotenda kazi kama 12, kasi ya msingi ni gigahezi 3.4 na ya juu ni 3.9, joto lake la kawaida limepangiwa wati 65, na kifuniko chake kimeunganishwa kwa kulehemu. Ryzen za mezani za kizazi kile zote zina kizidishio kisichofungwa, kwa hiyo hulipii herufi. Unachotakiwa kuangalia ni bodi: B350, B450, X370 na X470 zinaruhusu, A320 hairuhusu. Wauzaji wengi watakupa A320 kwa kuwa ni rahisi na soketi, yaani mahali pa kuchomekea prosesa, ni ileile ya AM4. Usikubali. Nyingi ya prosesa hizi hufika gigahezi 3.9 hadi 4.0 kwa viini vyote bila mateso, na 4.1 ukiwa na bahati. Fahamu tu kwamba haina grafiki ndani yake, lakini 1050 Ti yako itatosha.

Ukienda kuinunua, igeuze uangalie pini. Ziko 1331, nyembamba kama ndevu za paka, na mtu akikuonyesha kwa juu tu hutagundua kitu. Washa tochi ya simu, inua prosesa mpaka iwe sawa na jicho lako, kisha itazame kwa ubavu ukifuata mstari mmoja mmoja. Mistari inatakiwa kuwa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Pini iliyoinama kidogo hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi yake. Iliyokatika, achana nayo. Hakikisha pia bodi inauzwa pamoja na sahani yake ya nyuma na vile vishikizo viwili vya plastiki vya kando ya soketi, kwa maana vipoza vingi hushikilia hapo na muuzaji wa mtumba huvipoteza mara nyingi.

Na siku ukitaka kung'oa kipoza cha zamani, usikivute wima. Pesti iliyokauka hugandisha prosesa kwenye kipoza, na kile kimkono cha soketi ya AM4 hakina nguvu ya kuizuia. Mimi nilivuta, prosesa ikachomoka pamoja na kipoza, pini nne zikalala, na nilikaa saa mbili nikizinyoosha mkono ukitetemeka. Washa kompyuta dakika kumi pesti ilainike, izime, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia taratibu kabla ya kukiinua.

upepo_wa_nyali

Ndugu wa Temeke, mimi niko Mombasa, kwa hivyo joto unalolieleza nalifahamu. Maneno ya fundi kuhusu prosesa nayaunga mkono, nami nitazungumzia kupoza, kwa sababu nimeona watu wakitumia fedha zote kwenye prosesa kisha wakabakiza shilingi elfu chache za kipoza, na kazi nzima ikaharibika.

Kwanza elewa kwamba kipoza cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya viwili hivyo. Ikiwa mtu aliye Arusha kwenye chumba cha nyuzi 22 anaona prosesa yake ikisoma 67, wewe kwa mipangilio ileile na kipoza kilekile kwenye chumba cha nyuzi 32 tarajia 77. Video nyingi za mafunzo hupigwa kwenye nchi za baridi. Namba zao zisikudanganye wala zisikuvunje moyo. Kila mara ongeza tofauti ya chumba chako.

Pili, joto halipandi sawa na kasi. Umeme unaoliwa hupanda kwa kadiri ya kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kadiri ya volti ikizidishwa kwa yenyewe. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 3.4 kwa volti 1.2, uipeleke 4.0 kwa volti 1.4. Kasi imeongezeka kwa takribani asilimia 18, lakini joto limeongezeka kwa asilimia 60. Sasa mwenzako akikwambia amefika gigahezi 4.1, muulize ni kwa volti ngapi. Kwetu pwani, mtu anayetafuta 3.9 kwa volti 1.25 amefanya kazi ya maana kuliko anayelazimisha 4.1 kwa 1.42. Mimi binafsi sivuki 1.35 kwa kompyuta ya kazi ya kila siku.

Kuhusu kipoza chenyewe, kile kinachokuja na 2600, Wraith Stealth, ni kipande cha alumini kisicho na shaba na hakitoshi kwa ovakloki. Tafuta kipoza cha mnara chenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Hyper 212 ya Cooler Master au Assassin X 120 ya Thermalright zinatosha kabisa. Sioni sababu ya kununua kipoza cha maji kwa bajeti yako. Pampu ni kitu kinachokufa, na ikifa usiku ukiwa umelala kazi imesimama, ilhali mnara ukipoteza feni unabadilisha feni tu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kile kipoza kidogo cha awali hupuliza hewa kuelekea chini, na hewa hiyo husambaa juu ya bodi na kupoza zile saketi za kurekebisha volti zilizo kando ya soketi. Ukiweka mnara, upepo unapita juu kwa juu kuelekea nyuma, na saketi zile zinabaki bila upepo wakati ambapo umeziongezea mzigo. Kwenye bodi nafuu, ambazo nyingine hazina hata kipande cha alumini juu yake, ndipo unapoona kasi inashuka ghafla hadi gigahezi 1.5 ingawa prosesa yenyewe inasoma nyuzi 70, nawe unabaki kushangaa. Chagua B450 yenye vipande vya alumini juu ya saketi hizo, na funga kwa vibano vya plastiki feni ndogo ya milimita 80 inayopuliza papo hapo. Gharama yake ni ndogo sana.

Kuhusu barafu, tafadhali usifanye. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na chochote kilicho baridi sana kuliko hewa hiyo hutokwa na jasho kama chupa ya soda juu ya meza. Maji hayo yanaweza kufika kwenye bodi. Ukitaka msaada wa bei rahisi, weka kompyuta mbali na ukuta, iinue kutoka sakafuni, fungua dirisha usiku, na elekeza feni ya mezani upande wa mbele inakoingilia hewa. Vumbi lifute kila mwezi kwa brashi laini. Chumvi ya bahari ikichanganyika na vumbi hushika unyevu na kula shaba.

viini_sita

Naheshimu michango ya wenzangu, lakini naona mjadala umekwenda kwenye ovakloki kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Ndugu huyu anabana x265. Programu hiyo hutegemea sana maagizo ya prosesa yaitwayo AVX2, ambayo hushughulikia biti 256 kwa mkupuo. Ryzen za kizazi cha kwanza na zile za 2000 hazina njia pana kiasi hicho. Kila agizo la biti 256 hulikata vipande viwili vya 128. Ryzen 5 3600, iliyotoka Julai 2019, ndiyo iliyopanuliwa njia hiyo mpaka biti 256 kamili, na ina akiba ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 32 dhidi ya 16 za 2600. Kwa kazi hii mahususi, 3600 isiyoguswa huishinda 2600 iliyoongezwa kasi, tena kwa wati 65 zilezile.

Ningekuwa wewe ningesubiri mwezi mmoja, nikaongeza fedha, nikanunua 3600 na kuiacha kama ilivyo. Ovakloki yake haina faida kubwa, kwa sababu kiwanda chenyewe kimeishaifikisha karibu na ukomo wake, na chipu yake ya teknolojia ya nanomita 7 ni ndogo kiasi kwamba joto linakusanyika mahali pamoja.

Vilevile msisahau RAM. Kwenye Ryzen hizi njia ya ndani inayounganisha viini hukimbia kwa kasi ya RAM. Kijiti kimoja cha RAM ya DDR4 kinachokwenda kwa kasi ya 2133 huikaba prosesa, wakati vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa kasi ya 3000 huifungulia. Hiyo nayo ni nyongeza ya kasi, na haiongezi joto la maana.

mkazi_wa_temeke

Nashukuru sana, wakuu. Leo nimezunguka Kariakoo tangu asubuhi. 3600 niliyoipata ingenifanya nishindwe kununua pawa saplai nzuri, na kwa mwezi mmoja wa kusubiri nina harusi nne ambazo fedha zake za awali nimeishazichukua. 2600 pamoja na bodi ya B450, vishikizo vyote vikiwepo, imo ndani ya bajeti na inabakiza ya kipoza. Je, nikianza na hii, njia ya 3600 itakuwa imefungwa? Na nikishaifunga, naanzaje kuongeza kasi bila kuiunguza?

viini_sita

Haifungwi. B450 ikisasishwa BIOS hupokea 3600, na hata Ryzen za 5000. Kwa hali uliyoieleza ya kazi zilizokwisha kulipiwa, naondoa ushauri wangu wa kusubiri. Mwombe muuzaji asasishe BIOS hapohapo dukani, na aiache prosesa ikifanya kazi nzito kwa dakika ishirini mbele yako kabla hujalipa.

fundi_njiro

Ndugu yangu viini_sita amenifundisha jambo kuhusu AVX2 ambalo sikulizingatia, na linabadilisha pia namna ya kupima. Cinebench, ile programu ya kupimia kasi ya prosesa, pekee haitakutosha. Pima kwa HandBrake yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayoitesa prosesa yako kila siku.

Fanya hivi. Kabla ya kugusa kitu, bana kipande cha dakika kumi cha harusi moja, andika muda uliotumika na joto la juu kabisa katika HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta. Hiyo ndiyo alama yako ya kuanzia. Kisha ingia kwenye BIOS, washa XMP, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM, ili RAM iende kasi yake, pima tena. Baada ya hapo weka kizidishio 37 na volti 1.2, maana yake gigahezi 3.7. Ikimaliza kipimo bila tatizo, panda hatua moja ya megahezi 50 au 100. Kompyuta ikizima au video ikikatika, ongeza volti kwa 0.0125 na si zaidi. Weka ukomo wako mapema, kabla hamu haijakupanda: kwangu mimi ni volti 1.35 na nyuzi joto 85 mchana wa jua kali. Kiwanda kinaruhusu hadi 95, lakini uache nafasi ya Februari.

Unapokaribia mwisho utaona kwamba megahezi 100 za kwanza hazidai chochote, na 100 za mwisho zinadai volti nyingi kuliko zote zilizotangulia. Ukifika hatua hiyo rudi nyuma moja, uiache hapo. Halafu iache ibane video usiku kucha mara mbili kabla hujaipa kazi ya mteja, kwani kosa la nadra kwenye prosesa isiyotulia linaweza kuharibu fremu moja katikati ya faili bila kompyuta kuzima. BIOS ikigoma kuwaka, chomoa umeme, toa betri ile ya duara kwa dakika tano, irudishe, mipangilio itarudi ya kiwandani.

Pesti, punje moja ya ukubwa wa dengu katikati inatosha, kipoza kitaisambaza chenyewe kikikazwa. Kaza skurubu kwa kubadilishana pembe, kidogo kidogo.

mkazi_wa_temeke

Wakuu, zimepita wiki mbili na naleta majibu kama nilivyoahidi kwa wale walioniandikia faraghani.

Nilinunua 2600, bodi ya B450, vijiti viwili vya RAM vya gigabaiti 8, mnara wa mirija minne, na pawa saplai ya wati 500. Kwa kipoza cha awali, bila kugusa chochote, harusi ileile iliyokuwa ikichukua saa tisa ilibanwa kwa saa 5 na dakika 40, prosesa ikisoma nyuzi 88 na kasi ikishuka hadi karibu 3.5 kwa sababu ya joto. Nilipoweka mnara peke yake, bado bila ovakloki, ilishuka hadi nyuzi 69 na muda ukawa saa 5 na dakika 25. Sikutegemea kwamba kupoza tu kungenipa dakika 15.

Kwa kufuata hatua za fundi nilifika gigahezi 4.0, lakini ilidai volti 1.35, na saa nane mchana ilisoma nyuzi 86 chumba kikiwa 33. Nikarudi 3.9 kwa volti 1.2625. Hapo inasoma 77 mchana na 74 usiku, na harusi inakwisha kwa saa 5 kamili. Jaribio la kwanza la usiku lilikatika saa tisa, na nilidhani ni prosesa. Kumbe nilipogusa alumini ya saketi za volti kwa kidole sikuweza kukiacha hapo hata kwa sekunde mbili. Nikafunga ile feni ndogo aliyoieleza ndugu wa Nyali, kwa vibano viwili kwenye mirija ya kipoza, ikipuliza chini. Tangu hapo nimebana usiku tano mfululizo bila kukatika, na asubuhi nimekagua mafaili mwanzo hadi mwisho.

Zimebaki shilingi 35,000. Nimeanzia nazo akiba ya 3600, na leo usiku nabana harusi ya Jumamosi.